Mashua ya Mwalimu Nkuba na Turubai la Msiba

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimepata mashua! Naandika mara ya pili ili nijisomee mwenyewe: nimepata mashua!

Ilikuwa uani kwa mzee Gideoni, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana, nguruwe wakila pumba ndani yake. Nimepita pale miaka yote nikaona hori tu. Leo nguruwe walikuwa wametolewa, hori limeoshwa na kulazwa ubavu, na ukungu umefunika kila kitu isipokuwa lenyewe. Nikaona limechongoka mbele. Hori gani linachongoka mbele?

Gideoni akaeleza bila haya. Wazungu wa shamba la chai walikuwa wanaichezea bwawani zamani, wakaondoka wakaiacha, yeye akaivuta kwa trekta. Akasema kama naitaka, atachukua beberu wangu. Nikampa palepale asije akabadili mawazo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, "Mtani wangu, umetoa mbuzi ukachukua uvundo!"

Acheke. Yeye ni mtu wa Igowole, kazaliwa kwenye mlima, bahari kaiona kwenye kalenda. Mimi nilizaliwa Kayenze, Ziwa Victoria likigonga kwenye kizingiti. Matanga ya pale yalishonwa kwa magunia ya unga, na ukilala mchana uliyasikia yakipiga makofi. Baba alipohamishia ng'ombe Usangu, nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Tangu siku ile sijashika kamba ya tanga. Usangu nikafundisha, nikaoa, nikazeeka, serikali ikatuondoa na mifugo yetu. Watoto wakaenda Makongolosi kutafuta dhahabu, mimi na Helena tukapanda huku kwenye chai na baridi.

Helena akaizunguka mashua mara moja, kitenge puani. Akauliza, "Baba Yakobo, hiyo harufu italala nje, au wewe ndiye utakayelala nayo?"

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada, ukaguzi. Mbao za ubavu nzima. Mbao za chini zimeoza sehemu mbili. Samadi, kila mahali.

Ila kuna kasoro moja ya ajabu. Katikati ya sakafu kuna mwanya mrefu, mwembamba, umenyooka kama umepigwa rula, unatokeza chini kabisa. Mashua yenye tundu la makusudi! Nikamwita Gwakisa. Ni seremala wa milango na majeneza, mtu wa Kyela, na babu yake alikuwa na mtumbwi Ziwa Nyasa. Hachoki kutukumbusha hilo. Akachuchumaa, akatia kidole kwenye mwanya, akafikiri. Akasema ni wa kurudishia majini samaki wadogo. Nikasema ni uharibifu wa nguruwe. Tulibishana kisomi mpaka chai ikapoa. Tukakubaliana kwamba vyovyote iwavyo, lazima uzibwe.

Ndani kulikuwa pia na ubao mzito, bapa, umelainishwa vizuri, una mpini juu. Nimempa Helena asukumie chapati. Amefurahi. Ni mara ya kwanza tangu jana.

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kukalafati! Pamba inashindiliwa kati ya mbao, halafu unapaka kitu cha kushikilia. Kayenze walitumia mafuta ya papa yaliyoletwa kwa treni. Huku papa hakuna, lakini kuna misitu ya paini, na paini ina utomvu. Nikachemsha utomvu na nta ya nyuki. Ukanata kama dhambi. Pamba nimetoa kwenye mto wangu. Haikutosha. Nikatoa kwenye mto wa Helena, kidogo tu, kwenye kona ambayo kichwa hakifiki.

Ule mwanya wa katikati tumeuziba kwa ufundi wa hali ya juu. Gwakisa akapigilia fito juu na chini, mimi nikamwagia utomvu mara tatu. Hata roho haipiti.

Gideoni akapita na beberu wangu, akimvuta kwa kamba kana kwamba nyumbani kwangu ndiyo njia pekee ya kwenda malishoni. Akauliza kama meli itapitia Mbeya au itakwenda moja kwa moja Ulaya. Nikamjibu kwamba abiria wa daraja la nguruwe watatangaziwa.

Sufuria ya Helena haitasafishika. Sijamwambia.

Jumanne, 5 Agosti

Tanga! Usiku kucha sikulala kwa ajili ya tanga. (Na kwa ajili ya mto.)

Magunia ya mbolea: yanapasuka. Mapazia ya Helena: nimeuliza, nimejibiwa. Karatasi za nailoni: zinapiga kelele na hazishiki upepo. Kinachotakiwa ni turubai zito la kitambaa, la kijani, lililoshonwa mara mbili.

Ninalo. Liko stoo kwangu.

Niandike hili taratibu ili nisijidanganye. Turubai si langu, ni la kikundi. Hufungwa uani kwa mfiwa, watu wakae chini yake kwa mvua na jua mpaka marehemu azikwe. Mwaka juzi Gideoni mwenyewe alisimama mkutanoni, akapendekeza nilitunze mimi. Mtu wa kuja hajawahi kupewa mali ya kikundi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama bwana harusi. Maana hapa mtu anaweza kukusalimia miaka ishirini na bado ukawa mgeni. Kikundi kikikubali kukuchimbia kaburi, umefika. Nimehamishwa mara mbili nikiwa hai. Sitaki kuhamishwa mara ya tatu nikiwa ndani ya sanduku, nikitafutiwa pa kulazwa. Na katiba iko wazi: anayeharibu mali ya kikundi hufutwa uanachama.

Kwa hiyo sitaliharibu. Nitalikunja tu. Kukunja si kuharibu.

Jumatano, 6 Agosti

Likikunjwa ni zito mno. Mlingoti wa majaribio ulilala chini kama mlevi.

Nimelikata.

Kona hadi kona! Mkasi wa Helena, mstari wa chaki. Nusu moja ni tanga. Nusu ya pili nimekata viraka, nikavigandisha kwa utomvu chini ya mashua, pale palipooza. Vimekaa kama ngozi! Nimelipigia hesabu jambo lote. Watu wa huku hufa masika, njia zikiwa mbaya na vifua vikibana. Agosti ni mwezi wa afya. Tukishasafiri, nitabandua, nitashona, nitarudisha. Nani atajua?

Helena alipinda tanga kwenye cherehani. Katikati ya mshono akasimamisha mguu, akauliza kama mwenyekiti amekubali. Nikasema mwenyekiti ni mtu wa kukubali mambo. Akanitazama. Akaendelea kushona, lakini cherehani ilikuwa inasema kitu.

Alasiri mgeni wa heshima. Bibi Evarista, mama yake Gideoni, ana umri ambao hata kanisa halina uhakika nao, akaja na fimbo yake. Akasema amesikia mwanawe ametapeliwa hori. Akaomba ashikwe mkono, akaingia ndani ya mashua, akakaa mbele kabisa, akaweka fimbo magotini. Akauliza inafika Dar es Salaam? Nikasema hapana bibi, inafika ng'ambo ya bwawa. Akasema ng'ambo inatosha, huko yuko wifi yake ambaye hawajasemezana tangu vita vya Amini, na angependa amwone akifika namna hiyo. Akaagiza kiti cha mbele kisipewe mtu mwingine. Tulicheka mpaka Helena akatoka na chapati.

Mama bora kuliko mwanawe, mara mia.

Alhamisi, 7 Agosti

Mlingoti: mkaratusi mchanga, umenyooka kama kijana wa mgambo. Usukani: mlango wa kabati. Rangi: buluu iliyobaki shuleni. Gwakisa alitaka tuipe jina la mji wake, mimi la mji wangu. Rangi ikaisha, suala likafa.

Kesho Nane Nane. Nusu ya kitongoji wamekwenda Mbeya kwenye maonyesho kutazama ng'ombe wa watu. Safi! Bwawani hakutakuwa na macho mengi.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika yote kama yalivyotokea.

Tulishuka bwawani na mkokoteni, mashua juu, mimi mbele, Gwakisa nyuma akilalamika. Ukungu ulipanda, maji yakatokea, chai kijani pande zote. Tukaisukuma. Ikaelea! Gwakisa akasali kwa Kinyakyusa. Nikapandisha tanga, upepo ukatoka juu ya mashamba ukalijaza, likapiga lile kofi. Lile lile la Kayenze. Mzee mzima nikapiga kelele. Wachuma chai waliobaki wakasimama na vikapu mgongoni, wakapunga mikono. Tulikuwa tunakwenda! Maji yalikuwa yanaongea chini ya mbao! Sijui niliimba nini, ila niliimba.

Halafu nikataka kugeuka.

Mashua haikutaka. Nikasukuma mlango wa kabati kulia, nikavuta kushoto, nikambembeleza kwa Kisukuma. Omo, ile pua ya mashua, ilielekea nyumbani, sisi tukaenda ubavu-ubavu, kama mtu anayepenya kwenye benchi la kanisa. Gwakisa akawa ananyooshea kidole pale katikati tulipoziba. Akasema taratibu kwamba labda wale wazungu walikuwa wanachomeka ubao pale, ushike maji, mashua isisukumwe pembeni. Ubao bapa. Wenye mpini.

Sote wawili tulikuwa tunaziona chapati.

Ndipo simu yangu ikalia. Mwenyekiti.

Akanisalimu, "Mwalimu, kamwene." Sauti haikuwa yake. Akasema mama ametuacha. Amekunywa chai, amejinyoosha, hakuamka. Bibi Evarista! Juzi tu alikaa pale pale alipokaa Gwakisa. Nikampa pole. Akasema manyunyu yameanza, waombolezaji wameanza kufika. Akauliza turubai liko wapi.

Nikatazama juu. Nikamjibu kweli tupu: liko hapa hapa nilipo, limeshafunguliwa.

Akashukuru. Akasema alijua hakukosea kunichagua.

Upepo ukatutupa kwenye matete ya ng'ambo. Tuliacha mashua, tukazunguka bwawa kwa miguu, tanga kichwani kwangu, mlingoti begani kwa Gwakisa. Nilimwomba Helena aunganishe vipande. Akaona viraka vimeganda utomvu, hakuna sindano inayopita. Akaona mengine yote. Akafunika cherehani, akaingia ndani. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelifunga usiku, gizani, mlingoti katikati. Asubuhi nikawaambia vijana kwamba huu ndio mtindo wa sasa wa mahema, uko kwenye maonyesho Mbeya. Wawili waliamini. Wa tatu akauliza kwa nini lina pindo la uzi mwekundu na matundu ya kamba upande mmoja.

Watu walikaa kwa kufuata umbo. Upande mpana kina mama, katikati wazee, kwenye ncha alitoshea katekista peke yake, na hapo goti moja likinyeshewa. Kila aliyekuja kutoa pole aliinama, akaingia, akatazama juu, akatoa pole nyingine.

Ningeweza kupona. Naamini hivyo mpaka sasa. Lakini saa ya wimbo wa pili upepo ukashuka kutoka kwenye chai. Wengine walisikia upepo. Mimi nilijua ni upepo wa aina gani. Tanga likajaa! Likatanuka vizuri sana, hata nikasahau nilipo nikasema, "Legeza kamba!" Hakuna aliyelegeza. Kona moja nilikuwa nimeifunga kwenye nguzo ya banda la nguruwe. Nguzo ikang'oka. Mlingoti ukalala juu ya migomba. Nguruwe wakatoka, wakapita katikati ya kwaya kwa adabu kuliko nilivyotarajia. Katekista akabaki amekaa peke yake uwanjani, kitabu wazi, manyunyu yakimwangukia.

Gideoni akaliokota turubai mwenyewe. Akalishika kona. Akatembea mpaka kona ya pili. Akatembea mpaka ya tatu. Akaendelea kutembea, akajikuta amerudi alipoanzia.

Akasema polepole, "Mwalimu. Turubai letu lilikuwa na kona nne."

Jumapili, 10 Agosti

Tumemzika Bibi Evarista.

Nilikwenda kuchimba alfajiri. Desturi ya hapa ni kupokezana: mtu akichimba kidogo, mwenzake anasema "lete, baba", anachukua koleo. Ndivyo kaburi linavyochimbwa na watu wote. Leo niliingia shimoni, nikachimba. Sikupokewa. Nikachimba tena. Walisimama juu wakiongea habari za mbolea ya ruzuku. Mikono iliwaka moto. Sikuthubutu kusimama, maana mtu akisimama bila kupokewa, basi kila mtu ameona. Mwishowe Gwakisa akaruka ndani, akachukua koleo bila kusema "lete, baba". Ila yeye naye ni wa kuja.

Ng'ambo ya kaburi alisimama mama mmoja mzee sana, akilia kuliko watoto wa marehemu. Helena akaninong'oneza kwamba ndiye yule wifi.



Alhamisi, 14 Agosti

Mkutano wa kikundi. Ajenda moja. Mimi.

Katibu akasoma kifungu cha katiba. Nikaulizwa nina la kusema. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu upepo, lakini Helena akanivuta koti, akasimama yeye. Wanawake hawakuwa wameitwa kusema. Akasema, "Wazazi wangu, mfuteni. Ni haki yenu. Ila mjue akifa nitamchimbia mwenyewe, na mimi sina nguvu, nitatafuta udongo laini. Udongo laini hapa uko shambani kwa mwenyekiti, kwenye viazi." Kina mama wakacheka kwanza. Wanaume wakajizuia, wakashindwa.

Gideoni hakucheka. Akavua kofia. Akasema mama alikuwa na mwezi hali chakula vizuri. Jumatano ile alirudi kutoka kwangu akala ugali wote, akaongea habari za mashua mpaka usiku, na jinsi wifi yake atakavyokimbia akimwona anakuja juu ya maji. Akasema, "Sasa huyu nitamfuta vipi? Nimeshindwa. Ningekuwa na pa kumfutia, ningemfuta."

Akaketi. Mzee Samwel akanyoosha mkono wa kuafiki, halafu mwingine, halafu wote. Nimebaki! Nitazikwa Igowole na watu wa Igowole! Nilitaka kuwashukuru kwa Kibena chao, nikajikuta nimeshukuru kwa Kisukuma. Wakaitikia hivyo hivyo.

Adhabu: ninunue turubai jipya kwa kuuza mbuzi wangu wawili waliobaki. Utunzaji wa turubai nimenyang'anywa, amepewa Gwakisa. Wengine walitaka nisitunze kitu chochote tena. Gideoni akasema hapana, mwanachama bila kazi ni mgeni, tumpe kitu kisichokatika kona. Akanikabidhi kamba za kushushia jeneza.

Alinishika mkono mbele ya watu. Akaniuliza kama nimejifunza. Nikamwambia kwa dhati ya moyo wangu kwamba nimejifunza.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumeivuta mashua kutoka kwenye matete. Nzima! Viraka havijaachia hata kimoja! Ubao wa chapati nimeupata kwa mkataba: Helena ameletewa mwingine na Gwakisa, mzuri zaidi. Tumezibua mwanya. Ubao umeingia kama upanga kwenye ala. Kikundi hakikutaka tena lile tanga, hivyo ni langu kihalali. Sasa kilichobaki ni kitu kimoja tu cha kulivutia.

Nimezitoa zile kamba za jeneza stoo kuzikagua. Ni wajibu wa mtunzaji. Katani halisi, nne, ndefu, zimesokotwa vizuri na zimelainika kwa kupita mikononi mwa watu wengi. Zinapita kwenye tundu la mlingoti bila kukwama hata mara moja. Na katiba inasema kuharibu, haisemi kulowanisha.

Leo nimepita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali wazee wote. Wameguswa sana na moyo wangu. Wote wazima. Mzee Samwel anakohoa kidogo, lakini nimemsikiliza kwa makini, ni vumbi tu.

Upepo wa kesho unaonekana mzuri sana.